Siku Tano Nyuma ya Kirongozi Hunt

Alhamisi

Tumetoka Salt Lake City saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi na shemeji. Shemeji ni mume wa dada yangu, mtu wa Morogoro, na kazi yake ni kuendesha lori. Barabara kuu namba 15, ile inayoshuka kutoka Utah hadi California, anaijua kama ua wa nyumba yao. Nilipomwambia nataka kufuata nyayo za mtu aliyefariki mwaka 1879, aliuliza swali moja tu: "Tunamdai au anatudai?"

Mtu mwenyewe ni Jefferson Hunt, muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mitaani bado wanaitwa Wamormoni, ingawa viongozi wao siku hizi hawalipendi jina hilo. Alizaliwa Kentucky. Akawa nahodha wa jeshi, mlowezi, kirongozi wa misafara, mbunge California, kisha mbunge Utah. Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya kibao cha barabarani. Kila nikipita bonde la Ogden naona pameandikwa Huntsville, na miaka yote nilidhani jina limetokana na uwindaji. Kumbe ni la mtu.

Safari tumeianza na mwisho wake. Sikupanga iwe hivyo, ila kaburi lake liko kaskazini, Idaho, na karibu mambo yake mengine yote yako kusini. Baada ya Preston barabara inapita karibu na mto Bear, mahali ambapo tarehe 29 Januari 1863 askari wa kujitolea kutoka California waliwaua mamia ya Washoshone, wenyeji wa asili wa nchi hii, wanawake na watoto wakiwemo. Tulisimama, tukashuka, tukanyamaza. Simulizi za walowezi hupenda kuanza kwa kusema waliikuta nchi tupu. Mimi nimejiwekea sharti kwamba kila nikisoma neno "tupu" nakumbuka mto huu.

Red Rock Pass ni mwanya kati ya milima, na katikati yake kuna mwamba mwekundu umesimama peke yake kama jino la mwisho mdomoni. Juu ya mwamba huo ndipo alipozikwa Hunt. Tulipanda tukiwa tumejifunika hadi puani. Ukiwa juu unaona reli na lami zikipita kwenye mlango mmoja, na nyasi kavu zimelala upande mmoja kwa upepo. Nikamweleza shemeji kwamba zaidi ya miaka 14,000 iliyopita palikuwa na ziwa kubwa mno nyuma ya mwanya huu. Kingo zikamomonyoka hapahapa, maji yakafurika kuelekea mto Snake, na uso wa ziwa ukashuka zaidi ya mita 100. Ziwa la chumvi lililoupa mji wetu jina ni kidimbwi kilichosalia tu.

Shemeji akatazama kaburi, akatazama mwanya. "Na huyu bwana akachagua kulala kwenye mlango wa bomba."

Hunt alifariki Oxford, mji mdogo ulio jirani na hapa, tarehe 11 Mei 1879. Aliyejenga kaunti nzima California amelala kando ya barabara Idaho, na kwa nusu saa tuliyokaa hakuna gari hata moja lililosimama.

Mchana tukarudi kusini hadi Huntsville. Alihamia bonde hili mwaka 1860 na familia chache, na kutoka huku akaenda kuiwakilisha kaunti ya Weber katika bunge la Utah, wakati Utah bado haijawa jimbo kamili. Kijiji kina bustani katikati, nyumba za mbao, bwawa la Pineview pembeni na milima pande zote. Wakazi ni mia sita hivi. Tumekula chapati na mayai ya kuchemsha kwenye benchi la bustani, chai ikipoa kabla haijafika mdomoni. Nikataja kwamba Hunt alikuwa na wake wawili, Celia na Matilda, na watoto chungu nzima. Shemeji akaacha kutafuna.

"Bi mkubwa na bi mdogo, kwenye baridi hii?"

"Na wote wawili alitoka nao mwaka 1846 alipokwenda jeshini."

"Basi huyo ubunge haukumpa shida."

Ijumaa

Kilomita nyingi, mambo machache. Foleni ya asubuhi kutoka Salt Lake City hadi Provo haina tofauti na foleni nyingine yoyote duniani, isipokuwa hakuna anayepita katikati akiuza karanga.

Njiani nikamsimulia shemeji habari za jeshi. Mwaka 1846 Wamormoni walikuwa wamefukuzwa Illinois, wamepiga kambi kando ya mto Missouri, na Marekani ilikuwa vitani na Mexico. Wanaume wapatao 500 wakaandikishwa katika kikosi kimoja. Hunt alikuwa nahodha wa Kombania A. Walitembea kwa miguu hadi San Diego, wakafika Januari 1847, yapata kilomita 3,200, bila kupigana vita yoyote ya maana. Hunt hakurudi na medali za ushujaa. Alichorudi nacho ni ramani kichwani. Huku Utah kila mtu alikuwa mgeni, na yeye alikuwa amekwishaiona California.

Ndiyo maana majira ya baridi ya 1847, Salt Lake ilipoingiwa na hofu ya njaa, alitumwa kusini kutafuta ng'ombe na mbegu. Walipokuwa wanakwenda chakula kiliwaishia, wakala farasi zao. Kwenye ranchi ya Chino alinunua ng'ombe 200 hivi. Katika kurudi, karibu nusu wakafia jangwani kwa kiu. Shemeji, ambaye amewahi kusafirisha mizigo ya baridi ikaharibika njiani, aliuliza kitu ambacho sijakiona kwenye maandishi: "Hasara alibeba nani?"

Payson tulisimama kujaza mafuta. Hapa tarehe 24 Machi 1851 ulianza msafara wa kwenda kujenga koloni San Bernardino: watu 437 na magari 150 ya kukokotwa na maksai, chini ya mitume wawili wa kanisa, Amasa Lyman na Charles C. Rich. Hunt alikuwa miongoni mwa viongozi wa njia. Brigham Young, mkuu wa kanisa, alikuja kuwaaga. Alitegemea watu 20 hivi. Alipouona umati ule unavyoikimbilia California, moyo ulimwingia simanzi na hotuba ikamshinda. Kituo cha mafuta chenyewe hakina kibao cha kukumbusha jambo hilo. Kina soseji zinazozunguka kwenye mashine tangu asubuhi.

Tumelala Cedar City. Nyota nyingi.

Jumamosi

Leo ndiyo siku niliyoitamani kuliko zote. Tumetoka Cedar City kwa barabara namba 56 kuelekea magharibi, kwenye tambarare ya vichaka vya kijivu vyenye harufu kama ya dawa ya kikohozi, na mashamba ya majani ya ng'ombe yaliyokwisha kukatwa na kufungwa marobota.

Kisa ni cha mwaka 1849. Watu wa mashariki walikuwa wanakimbilia dhahabu California, wengine wakachelewa kufika Salt Lake, theluji ikawa imekaribia milima ya Sierra Nevada. Miaka mitatu kabla, msafara wa akina Donner ulinaswa na theluji milimani humo na baadhi yao wakala maiti za wenzao ili waishi. Hakuna aliyetaka kujaribu tena. Hunt akasema, mimi naijua njia ya kusini, nitawafikisha Los Angeles, kila gari dola 10. Magari zaidi ya 100 yakakubali, na wakaondoka Oktoba.

Sasa, wanaomsifu Hunt huwa wanaruka kipande kinachofuata. Kirongozi mwenyewe alikosea. Karibu na mto Beaver alijaribu kukata njia, akawaingiza watu pakavu pasipo tone la maji, na msafara mzima ukalazimika kurudi nyuma. Imani ikaishia pale. Mtu akiwa ameshakupoteza mara moja, hata ukweli wake unausikiliza kwa sikio moja. Kisha akatokea bwana mwingine na kundi la wapanda farasi na karatasi mkononi. Ramani. Ilionyesha njia inayokatiza moja kwa moja hadi machimbo ya dhahabu, wiki chache tu.

Mwanzoni mwa Novemba, karibu na panapoitwa Enterprise leo, wakakaa kikao cha kuamua. Wasemaji walikuwa wengi. Hunt alipoulizwa alijibu kwa kifupi kwamba njia hiyo haijui, kwamba yeye alikodiwa kuwafikisha Los Angeles, na likibaki hata gari moja linalotaka kwenda huko atakwenda nalo. Asubuhi yake msafara ukapasuka. Magari saba ndiyo yaliyobaki naye.

Tuko hapo kwenye habari ya magari saba, simu yangu ikasema tupinde kushoto.

"Shem, hapo hakuna lami," shemeji akasema.

"Ramani inaonyesha inakatiza hadi kwenye mnara wa kumbukumbu ya Hunt."

"Nimekusikia. Na mimi nakwambia hapo hakuna lami."

Najua msomaji ameshaanza kucheka. Tulipinda. Dakika kumi za vumbi, kisha mawe, kisha sauti ile ambayo dereva akiisikia hufumba macho. Tairi la nyuma la kulia lilichanika ubavuni, mchaniko wa kuingia vidole viwili, hata kuzibwa halizibiki. Shemeji hakusema neno. Alitoa jeki, akatoa spea, akapiga magoti, akaanza kulegeza nati kwa utulivu ulioniumiza kuliko matusi.

Mzee mmoja mkulima akapita na pikapu, mbwa nyuma. Akasimama, akatuletea ubao wa kuweka chini ya jeki maana mchanga ulikuwa unazama. Nilipomweleza tunachotafuta, hakuuliza kwa nini watu wawili weusi kutoka Afrika wanatafuta mnara wa Jefferson Hunt kwenye shamba la watu. Alinyoosha mkono mmoja na vidole viwili vya mkono wa pili. Saba. Kisha akatuelekeza njia, nayo ilikuwa kurudi kulekule tulikotoka, kwenye lami.

Mnara ni mdogo. Nilisimama hapo nikatazama magharibi, walikoelekea wale wengi. Mbele kuna milima ya rangi ya zambarau, ya kupendeza kabisa, unatamani kuifuata; hata mimi ningefuata. Baada ya siku chache magari yalifikia genge lisiloshukika, wakapaita Mount Misery, yaani mlima wa dhiki. Wengi wakageuza na kufuata alama za magurudumu ya Hunt. Waliokaidi wakatokea kwenye bonde ambalo tangu hapo linaitwa Bonde la Mauti. Hunt na magari yake saba walikuwa wamefika California ya kusini kabla mwaka haujaisha.

Shemeji akafuta mikono kwa kitambaa. "Mia kwa saba," akasema. "Kura zilimwangusha vibaya. Na bado akaja kuingia siasa."

Nami nafikiri hapo ndipo siasa zake zilipoanzia. Hunt hakuwabembeleza wala hakuwalaani kwa kirefu. Alisema anachokijua na anachodaiwa, akalala, asubuhi akafunga maksai.

Alasiri tukashuka kwa barabara namba 18 hadi Mountain Meadows. Ni bonde la nyasi, mahali ambapo misafara ilikuwa inapumzisha mifugo kabla ya jangwa. Tarehe 11 Septemba 1857 wanamgambo wa Kimormoni, pamoja na baadhi ya Wapaiute, wenyeji wa asili, waliowashawishi, waliwaua wahamiaji wapatao 120 kutoka Arkansas, baada ya kuwatoa kwenye boma lao kwa bendera nyeupe na ahadi ya usalama. Watoto wadogo 17 ndio walioachwa hai. Mtu mmoja tu, John D. Lee, ndiye aliyehukumiwa, akapigwa risasi hapohapo mwaka 1877. Njia ni ileile ya Hunt, na bonde ni lilelile walilolipenda wasafiri kwa sababu ya maji. Sikupiga picha. Shemeji alivua kofia, akaivaa tena tulipofika garini.

St. George tumefika usiku. Tairi jipya limenigharimu mimi. Hilo halikujadiliwa.

Jumapili

Korongo la mto Virgin, halafu Nevada. Kwa gari ni saa mbili hadi Las Vegas. Kwa maksai, kipande kimoja tu, cha kutoka mto Muddy hadi chemchemi za Las Vegas, kilikuwa yapata kilomita 80 bila maji, wakakivuka usiku ili jua lisiwamalize wanyama.

Jina Las Vegas ni la Kihispania, maana yake ni mbuga za majani, na majani yenyewe yaliota kwa sababu ya kijito. Mwaka 1855 wamisionari wa Kimormoni walijenga ngome ya matofali ya udongo kando ya kijito hicho. Kipande cha ukuta wa zamani bado kipo, kimehifadhiwa, mwendo mfupi kutoka kwenye taa na mashine za kamari. Tulikaa kidogo, tukaondoka.

Nilikuwa na mtu mwingine wa kumfikiria jangwani. Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1851 walikuwemo watu weusi waliokuwa watumwa wa baadhi ya Wamormoni kutoka majimbo ya kusini. Mmoja aliitwa Biddy Mason. Kutoka Mississippi hadi Utah alitembea kwa miguu nyuma ya magari akichunga mifugo, akibeba na kulea watoto wake. Kisha akaipita njia hii hadi San Bernardino. California ilikuwa imepiga marufuku utumwa kwenye katiba yake ya mwaka 1849, lakini bwana wake, Robert Smith, aliendelea kumshikilia kana kwamba habari haijamfikia. Alipotaka kuwahamishia Texas, watu weusi huru wa Los Angeles wakapeleka habari kwa sherifu. Sheria haikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, basi jaji Benjamin Hayes akamsikiliza faraghani. Januari 1856 akatangaza kwamba Biddy na wenzake 13 wako huru.

Akawa mkunga. Akaweka akiba, mwaka 1866 akanunua kiwanja katikati ya Los Angeles kwa dola 250, na mwaka 1872 akawa kati ya waanzilishi wa kanisa la AME, yaani Methodisti la watu weusi, la kwanza mjini humo. Kiwanja kikapanda thamani, naye akawa tajiri anayelisha wafungwa na maskini.

Shemeji alisikiliza hadi mwisho bila kuongeza sauti ya redio. Tulikuwa tumekaribia Barstow, jua linazama, jangwa limekuwa jekundu kama kaa la moto. "Sasa," akasema, "mbunge wenu alifanya nini kuhusu mama huyu?"

Sikuwa na jibu. Hunt alikuwa bungeni miaka hiyohiyo.

Jumatatu

Cajon Pass asubuhi. Huu ndio mteremko wa kuingia California ya watu, na shemeji anauheshimu kuliko binadamu wengi. Malori yalikuwa yamejipanga kulia, yameshika gia nzito, na harufu ya breki iliyoungua ikaingia kwetu ingawa madirisha yamefungwa. Akanionyesha alama nyeusi za matairi kwenye ukuta wa zege. "Hapa ukishaanza kukanyaga breki umechelewa. Unapunguza kule juu." Walowezi wa 1851 walishuka huku Juni, wakapiga kambi kwenye miti chini ya mlima, wakasubiri Lyman na Rich wapatane bei ya ardhi. Septemba wakainunua ranchi ya San Bernardino kutoka kwa familia ya Lugo kwa dola 77,500, sehemu kubwa ikiwa ni deni.

Wakajenga boma la magogo kwa hofu ya kushambuliwa, wakalima ngano, wakachonga barabara ya kupandisha milimani kufuata mbao. Mwaka 1852 Hunt akachaguliwa kuingia bunge la jimbo, akiiwakilisha kaunti ya Los Angeles. Akapeleka muswada wa kuikata kaunti hiyo, watu wa San Bernardino wajitegemee, na tarehe 26 Aprili 1853 ukawa sheria. Mpaka leo hiyo ndiyo kaunti kubwa kuliko zote katika Marekani ya bara, ukiacha Alaska: kilomita za mraba zipatazo 52,000, pungufu kidogo tu ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Boma lilikuwa mahali ilipo mahakama ya kaunti sasa. Jengo la mahakama ni la miaka ya 1920, lina nguzo ndefu na ngazi pana. Watu walikuwa wanaingia na karatasi zao mikononi, kijana mmoja amevaa suti iliyompwaya, mama mmoja anamrekebishia tai. Kibao cha kumbukumbu ya boma kipo nje, na kwa muda tuliokuwepo hakuna aliyekisoma isipokuwa mbu mmoja aliyetua juu yake. Nikapita kidole kwenye herufi. Zilikuwa za moto kwa jua.

Mwisho wa mwaka 1857 Rais Buchanan alikuwa ametuma jeshi Utah, na Brigham Young akawaita walowezi warudi. Zaidi ya nusu ya San Bernardino wakaondoka. Waliuza nyumba na mashamba kwa bei ya kutupa, mwenye shamba akaondoka na gari na maksai wawili. Hunt naye akaondoka. Kaunti aliyoizaa ilikuwa na miaka minne.

"Angekataa?" nikamwuliza shemeji.

"Wengine si walikataa?"

"Walikataa. Ndio waliobaki na mashamba."

Akafikiri, akabandua ganda la yai la mwisho kwenye mfuko, akanigawia nusu. Kabla sijala simu yake ikaita. Alisikiliza, akasema sawa, akasema sawa tena. Kuna mzigo Salt Lake, Jumatano alfajiri, na dereva aliyepangiwa anaumwa.

"Twende," akasema, akanirushia funguo. "Mpaka Barstow unaendesha wewe. Na simu yako weka nyuma."